Wajalidi wa Kwanza wa Marekani na Karatasi Zilizosubiri Kuwa Vitabu

Tarehe 30 Agosti 1664, fundi mmoja wa Boston aitwaye John Ratcliff alishika kalamu akawaandikia wakubwa waliompa kazi. Ratcliff alikuwa mjalidi, fundi wa kushona vitabu na kuvivika majalada. Mbele yake palikuwa na kazi ambayo haijapata kufanywa na fundi mwingine katika bara la Amerika: kujalidi Biblia nzima iliyochapwa hukohuko, nakala baada ya nakala. Ujira ulikuwa shilingi 2 na peni 6 kwa kila nakala, naye alikuwa amepiga hesabu akaona haumfikishi popote. Kwa siku nzima, alieleza, aliweza kumaliza Biblia 1 tu. Uzi, gundi, kadibodi, ngozi na vibanio vya kufungia jalada vilitoka mfukoni mwake, na katika nchi ile vitu hivyo havikupatikana kwa shilingi 1. Bei za Boston zilikuwa kali kuliko za Uingereza alikotoka. Aliomba walau shilingi 3 na peni 4.

Barua hiyo ni hazina, kwa sababu wajalidi wa zama zile hawakuacha maneno mengi. Mchapaji alipiga chapa jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, na muuza vitabu naye akalitia lake. Mjalidi, ambaye mikono yake iligusa kila karatasi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kawaida hakuandika popote. Wengi wao wanajulikana leo kwa njia za pembeni tu: malalamiko kama haya ya Ratcliff, hati za kununua duka, bili, madeni, na mikwaruzo ya vyombo vyao juu ya ngozi ya kitabu.

Ufundi wenyewe ulifika Marekani mapema kuliko mtambo wa kuchapa. John Sanders, mjalidi wa kwanza anayetajwa katika kumbukumbu za Boston, alikula kiapo cha uraia wa koloni la Massachusetts mwaka 1636, na mwaka uliofuata akanunua duka. Mtambo wa kwanza uliwasili Cambridge, ng'ambo ya mto, mwaka 1638. Kwa hiyo Sanders alikuwa na kazi hata kabla nchi haijachapa kitabu. Walowezi walikuja na Biblia zao kutoka ng'ambo, zikachakaa, zikahitaji mshono mpya. Wafanyabiashara na makarani walitaka madaftari.

Mwaka 1640 mtambo wa Cambridge ulitoa kitabu cha zaburi kinachojulikana kama Bay Psalm Book, nakala 1,700. Zilizobaki duniani ni 11. Moja kati ya hizo iliuzwa kwa mnada New York mwezi Novemba 2013 kwa zaidi ya dola milioni 14. Zilizopotea zilisomwa, zikaimbwa, zikashikwa na mikono yenye jasho kila Jumapili hadi zikaisha.

Biblia ya Ratcliff ilikuwa kazi ya namna nyingine kabisa. Mchungaji John Eliot alikuwa ameitafsiri kwa lugha ya Wawampanoag na jirani zao wa Massachusetts, na mwaka 1663 ikakamilika kuchapwa. Ndiyo Biblia ya kwanza kuchapwa katika bara zima la Amerika, nayo haikuwa ya Kiingereza. Wachapaji waliotajwa ni Samuel Green na Marmaduke Johnson, lakini kwenye chumba cha kupangia herufi alikuwepo pia kijana wa kabila la Wanipmuc, Wowaus, aliyeitwa na Waingereza James Printer. Aliingia kwa Green kama mwanagenzi mwaka 1659. Toleo la pili lilipoandaliwa miaka ya 1680, Eliot mwenyewe alikiri kwamba huyo ndiye tegemeo lake katika kupanga na kusahihisha herufi za lugha ile. Hivyo kitabu kilipita kwa mfasiri, kwa mpangaji herufi, kwa mchapaji, kisha karatasi zikabebwa kwa mjalidi. Kabla ya kufika kwake hazikuwa kitabu. Zilikuwa rundo.

Ili kuelewa kwa nini Biblia 1 ilikula siku nzima, inafaa kusimama karibu na meza ya fundi.

Mtambo haukutoa kurasa, ulitoa karatasi kubwa zilizopigwa chapa kurasa kadhaa kila upande. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzikunja, na mara nyingi iliwaangukia wanawake na wasichana wa nyumba ya fundi. Mkunjaji aliilaza karatasi mezani, akapatanisha kona, akapitisha kipande cha mfupa kilicholainishwa juu ya kunjo hadi likakaa. Karatasi moja ikawa kifungu kidogo cha kurasa, na vifungu vikapangwa kwa herufi ndogo zilizochapwa chini ya ukurasa. Kosa hapa halikujificha, kwani msomaji angeruka kutoka Mwanzo hadi Mambo ya Walawi.

Baada ya hapo ilikuja nyundo. Karatasi ilitengenezwa kwa mkono kutokana na matambara ya kitani na ilichapwa ikiwa na unyevu, kwa hiyo ilivimba na kujikunjakunja. Mjalidi aliviweka vifungu juu ya jiwe akavitwanga kwa nyundo ya chuma yenye uzito wa kilo 5 hivi, akivigeuzageuza mpaka vilale bapa. Ilikuwa kazi ya kifua na mabega, na mwanagenzi ndiye aliyeanza nayo.

Kushona kulifanywa kwenye fremu ya mbao iliyowambwa kamba zilizosimama wima. Sindano yenye uzi wa kitani iliingia katikati ya kifungu, ikatoka, ikaizunguka kamba, ikarudi ndani, hadi kamba ya mwisho; kifungu kinachofuata kikawekwa juu, na sindano ikaanza safari ya kurudi. Kamba hizo ndizo zinazoonekana mpaka leo kama matuta kwenye mgongo wa vitabu vya zamani. Watu wengi huyadhani kuwa pambo, kumbe ni mifupa inayokibeba kitabu.

Mgongo ulipakwa gundi ya moto iliyochemshwa kutoka kwa ngozi za wanyama, ukagongwa taratibu hadi ukapata umbo la duara. Ncha za kamba zikapitishwa kwenye matundu ya mbao za jalada na kufungwa humo. Kitabu kikabanwa kwenye shinikizo, na kingo zake zikakatwa kwa kisu kilichofungwa kwenye kifaa kinachosukumwa huku na huku kama randa ya seremala. Mwishoni ngozi ikachunwa pembezoni hadi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikapakwa uji mzito wa unga wa ngano, ikavutwa juu ya jalada na kukandamizwa kwa vidole kila pembe. Kwa mteja mwenye fedha kulikuwa na hatua nyingine tena: kupaka ute wa yai, kulaza utandu wa dhahabu, na kupiga nakshi kwa vyombo vya shaba vilivyotiwa moto. Joto likizidi kidogo ngozi inaungua. Likipungua, dhahabu haishiki.

Wateja wa namna hiyo Marekani walikuwa wachache. Mjalidi wa koloni aliishi kwa ubahili wa vifaa, na ubahili huo ndio uliozaa alama ya vitabu vya nchi ile. Kadibodi ilihitaji karatasi, na karatasi ilikuwa adimu. Kiwanda cha kwanza cha karatasi cha makoloni, cha William Rittenhouse karibu na Philadelphia, kilianza mwaka 1690 tu, na kilitegemea matambara ambayo hayakutosha. Msitu ulikuwepo mlangoni. Mafundi wakapasua mwaloni na miti mingine kuwa vibao vyembamba kuliko kidole, wakavitumia kama moyo wa jalada, juu wakavika ngozi ya kondoo iliyokuwa rahisi kuliko ya ndama. Vitabu vya shule vya bei ndogo vilipata ngozi mgongoni tu, na ubavuni karatasi ya buluu. Vibao hivyo hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, na leo anayekishika kitabu cha New England cha karne ya 18 huweza kuuona ufa huo chini ya ngozi. Hata siasa iligusa meza hiyo. Ushuru ambao Bunge la Uingereza liliyatoza makoloni mwaka 1767, ule unaokumbukwa zaidi kwa sababu ya chai, uliangukia pia karatasi, kadibodi na vibao vyembamba vya majalada.

Riziki ya kila siku haikutoka kwenye Biblia wala mashairi. Ilitoka kwenye madaftari ya hesabu. Kila mwenye duka, kila nahodha, kila mahakama na kila kanisa lilihitaji kitabu kitupu chenye mistari, mgongo imara na uwezo wa kufunguka bapa. Hapa historia hii inagusa pwani ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita merikani, na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters wa Salem, akafika Unguja. Barua na hesabu za biashara hiyo zimehifadhiwa Massachusetts mpaka leo, na ni miongoni mwa vyanzo vya wanahistoria wa Unguja ya wakati huo. Daftari la mfanyabiashara lililoshonwa vizuri limegeuka kuwa ushahidi wa historia ya watu wengine kabisa.

Kufikia katikati ya karne ya 18 kitovu cha ufundi kilikuwa kimehamia Philadelphia, na huko kuna kisa kinachosimuliwa na Benjamin Franklin katika habari za maisha yake. Miaka ya 1720 alifanya kazi kwa mchapaji Samuel Keimer, ambaye alikuwa amechukua vijana kwa ahadi ya kuwafunza kazi. Stephen Potts, kijana kutoka shamba, alipaswa kufundishwa kujalidi, na mwenziwe Hugh Meredith kuendesha mtambo. Keimer hakuijua kazi ya kwanza wala ya pili. Hata hivyo Potts alifika. Akawa mjalidi kweli, akaingia katika kikundi cha Franklin cha mijadala kiitwacho Junto, na baadaye akajalidi vitabu vya duka la Franklin. Franklin mwenyewe aliuthamini sana ufundi huu. Akiwa bado kijana, alitunga maneno ya kaburi lake akiufananisha mwili wake na jalada la kitabu kikuukuu lililopoteza dhahabu yake. Na mwaka 1775, Bunge la makoloni lilipotoa fedha zake za kwanza, noti ya dola 20 ilitiwa ukingo wa karatasi yenye mawimbi ya rangi, aina ileile ambayo wajalidi waliibandika ndani ya majalada. Karatasi hiyo hutengenezwa kwa kuifanya rangi ielee juu ya maji mazito na kuilaza karatasi juu yake, na hakuna mbili zinazofanana. Mghushi wa noti angepata taabu kubwa kuiiga.

Nje kidogo ya Philadelphia walikuwepo Wajerumani, nao walijalidi kwa desturi ya kwao: mbao nene, ngozi ngumu, kona na vibanio vya shaba. Christopher Sauer wa Germantown alichapa Biblia ya Kijerumani mwaka 1743, nakala 1,200, ya kwanza Marekani kwa lugha ya Ulaya. Watawa wa Ephrata, jumuiya ya kidini iliyokuwa na kiwanda chake cha karatasi, mtambo wake na wajalidi wake, walitoa kati ya 1748 na 1749 kitabu kikubwa cha habari za mashahidi wa imani kiitwacho Martyrs Mirror, chenye kurasa zaidi ya 1,500. Walichapa nakala 1,300.

Desturi ya wakati huo ilikuwa kutozijalidi nakala zote kwa pamoja. Ngozi ilikuwa ghali, kwa hiyo karatasi zilikaa ghalani zikisubiri mnunuzi. Vita vya uhuru vilipokuja, jeshi lilikosa karatasi ya kufungia baruti na risasi. Askari 6 wenye magari 2 ya farasi walifika Ephrata wakazichukua karatasi za Martyrs Mirror zilizobaki, ingawa watawa, watu wasioshika silaha, walisikitika sana. Huko Germantown yaliyozikuta karatasi za Biblia ya Sauer ya mwaka 1776 yalikuwa hayohayo, na toleo hilo likapewa jina la utani linalohusu bunduki. Zilizowahi kufika kwa mjalidi zikapona. Zilizochelewa ziliishia kwenye mitutu.

Vita hivyo vilimchukua pia mjalidi mmoja na kumfanya jenerali. Henry Knox alizaliwa Boston mwaka 1750. Angali mtoto, familia ilipoachwa bila baba, alitiwa kazini kwenye duka la Wharton na Bowes, waliokuwa wakiuza na kujalidi vitabu. Huko alijifunza kushona na kubandika, na jioni alisoma alichokishona, hasa vitabu vya mizinga na ngome. Mwaka 1771 alifungua duka lake. Miaka 4 baadaye George Washington alihitaji mizinga ya kuwatoa Waingereza Boston, na Knox akajitolea kwenda kuichukua kutoka ngome ya Ticonderoga. Katika majira ya baridi ya 1775 kuingia 1776 alisomba mizinga 59 kwa mashua na sileji za ng'ombe, akivuka mito iliyoganda na milima, karibu kilomita 480. Mwezi Machi Waingereza waliondoka Boston. Knox alikuja kuwa waziri wa kwanza wa vita wa Marekani chini ya katiba mpya.

Hatima ya wengine ilikuwa ngumu zaidi. Robert Aitken, Mskochi aliyehamia Philadelphia, alikuwa mjalidi, mchapaji na muuza vitabu kwa pamoja. Vita vilipozuia Biblia kutoka Uingereza, alichapa Biblia kamili ya Kiingereza, ya kwanza Marekani, na tarehe 12 Septemba 1782 Bunge likaipendekeza rasmi kwa wananchi. Alikuwa ametoa nakala 10,000. Muda si mrefu amani ikarudi, meli zikashusha Biblia za bei nafuu, na Aitken akabaki na hasara.

Alipofariki mwaka 1802, duka na madeni yake vilimwangukia binti yake Jane, aliyekuwa na umri wa miaka 38 hivi. Jane Aitken hakuyakimbia. Alichapa, akauza, akajalidi. Mamia ya vitabu vya American Philosophical Society, jumuiya ya wasomi iliyoanzishwa na Franklin, vilipita mikononi mwake, na wataalamu wa majalada huitambua kazi yake kwa usafi wa nakshi. Mwaka 1808 alichapa kwa juzuu 4 Biblia iliyotafsiriwa na Charles Thomson, akawa mwanamke wa kwanza kuchapa Biblia nchini humo. Lakini deni la baba lilimfuata. Mwaka 1813 vifaa vyake viliuzwa kulipa wadai. Wanawake walikuwa wamekunja na kushona katika karakana za Marekani tangu mwanzo bila kutajwa. Huyu mmoja aliyetajwa alilipa gharama kubwa kwa kuwa na jina mlangoni.

Baada ya miaka ya 1830 mambo yaligeuka haraka. Kitambaa cha pamba, sehemu kubwa ikitoka Uingereza, kilianza kuichukua nafasi ya ngozi. Jalada likatengenezwa peke yake, likapigwa nakshi kwa mashinikizo makubwa mamia kwa siku, kisha likabandikwa kwenye kitabu kilichokwisha kushonwa. Karakana za Boston kama ya Benjamin Bradley zilijalidi toleo zima kwa sura moja, jambo ambalo Ratcliff asingeliota. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 mashine za David Smyth zikaanza kushona. Kitabu kikawa rahisi, watu wengi zaidi wakakipata, na hilo ni jema lisilopingika. Kamba zilizofungwa ndani ya mbao ndizo zilizotoweka, na pamoja nazo ule uhusiano wa karibu kati ya fundi na nakala moja moja.

Thamani ya kazi ya zamani inaonekana vizuri zaidi kwa kurudi kwenye Biblia ya 1663. Nakala nyingi ziliteketea katika vita vya 1675 na 1676 kati ya walowezi na wenyeji. Karne zilizofuata lugha ya Wawampanoag ilififia, na kwa zaidi ya miaka 100 hakukuwa na mtu aliyeizungumza tangu utotoni. Mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird, Mwampanoag wa Mashpee, alianzisha na wenzake mradi wa kuifufua. Walitumia hati za kale zilizoandikwa na Wawampanoag wenyewe, pamoja na Biblia ya Eliot, wakakusanya maneno na sarufi kutoka humo. Binti yake alilelewa kwa lugha hiyo, na leo inafundishwa kwa watoto.

Hilo liliwezekana kwa sababu nakala kadhaa za Biblia ile zilidumu zaidi ya miaka 300 bila kusambaratika. Ukurasa wake wa kwanza unawataja wachapaji wawili, Samuel Green na Marmaduke Johnson. Jina la John Ratcliff halimo.